Mwani Uliopumzika Guniani

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa masjala, na mtaa mzima ulimwita Bwana Faili. Alipostaafu alizimika kama taa. Alishinda kitandani akikodolea dari, hata kunyoa ndevu akaona ni kazi nzito. Kilichomwinua ni redio: alisikia kwamba mwani unaotupwa ufukweni ni mbolea safi ya bustani. Akachukua toroli na magunia mawili, akaenda kuzoa.

Miche ya kwanza iliungua yote. Ya pili ikakubali, na kuanzia hapo hakushikika. Nyanya zilijaa kama ngumi, mchicha ukamfika kiunoni. Siri yake, aliwaambia watu kwa kinyozi, ni kuuacha mwani upumzike guniani siku mbili, kando ya tangi la maji. Baada ya miaka minne ya kusikia hayo, majirani wakamwomba awafundishe. Akawafundisha watu kumi na tisa, kidole juu, kama anayesoma waraka.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, muuguzi wa nyumba ya tatu alipiga hodi akiwa na mche wa bilinganya mkononi, majani yamekauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nyuma yake alikuwa fundi cherehani, na salamu hakutoa. Matuta yao yamekwisha, wakasema, na ya wenzao vilevile.

Bwana Faili hakuamini. Akawapeleka nyuma ya nyumba wajionee yake, na hapo ndipo alipojimaliza, kwa maana bustani ilikuwa kijani inayong'aa.

Fundi akamtazama usoni. "Ulitufundisha nusu, mzee. Nusu nyingine umebaki nayo."

Aliapa kwa kila alichokijua. Kisha akakalia ndoo iliyopinduliwa. Mkewe, aliyekuwa dobi wa hospitali ujana wake wote, akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Hajawaficha," akasema. "Hajui. Mwani huo nauosha mimi."

Mama akaeleza taratibu, macho chini. Mzee akishaenda kwa kinyozi kupiga soga, yeye huumwaga mwani wote kwenye beseni, akausuuza maji matatu mpaka ulimi usionje chumvi, akauanika kwenye kamba ya nguo, kisha akaurudisha guniani. Chumvi ndiyo iliyounguza miche ya kwanza. Aliitambua palepale.

"Tangu lini?" Bwana Faili aliuliza.

"Tangu mzigo wa pili."

Wageni waliaga bila kumalizia maneno yao. Yeye alibaki juu ya ndoo, akili imeganda. Miaka minne amekula sifa za mikono ya mtu mwingine, na mtu huyo analala naye kitanda kimoja. Akakumbuka namna alivyokuwa akimkosoa hata anavyomwagilia maji. Masikio yakamwaka moto.

Mwishowe akamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa umeamka, Baba," mkewe akajibu. "Umenyoa ndevu. Ningesema nini mimi?"

Alasiri ile hakwenda kwa kinyozi. Walitoka wote wawili, nyumba hadi nyumba, nyumba kumi na tisa, naye mlangoni akawa anasema maneno yaleyale: kosa ni langu, mwalimu ni huyu. Muuguzi aliwakaribisha ndani. Fundi aliwasikiliza akiwa amesimama kizingitini, wala hakuwapisha wapite.

Matuta yalimwagiliwa maji mengi, wiki baada ya wiki, kuishusha chumvi. Mengine yalichelewa mpaka msimu uliofuata. Mama aliwafundisha upya, mbele ya beseni, mikono imezama hadi viwiko, na Bwana Faili akamchotea maji. Fundi alikuja siku ya mwisho kabisa, akauliza swali moja tu kuhusu kamba ya kuanikia, akamwuliza Mama, si mzee.