Pua ya Ishaka

Mume wangu Ishaka ana pua kali, na anaringa nayo kweli. Kwenye foleni ya malori hapa Tunduma, dereva akihisi dizeli inavuja hamwiti fundi kwanza, anamwita yeye. Ananusa, anaonyesha kidole: "Hapo." Na ni hapo. Wenzake wamembatiza Pua, naye anaitika kama kaitwa mheshimiwa.

Mwaka huu kampuni yao imempa lori la majaribio, linatumia haidrojeni. Nyuma ya kichwa kuna mitungi minene, gesi imeshindiliwa humo kwa nguvu ambayo mimi hata sitaki kuifikiria. Haina rangi, haina harufu, na cheche moja tu inatosha kuilipua. Kuna kengele tu. Ikilia, gesi inavuja. Bosi akamwonya: akizua taharuki ya bure barabarani, lori anapewa mwingine.

Juzi yuko foleni, mimi nauza wali maharage pembeni. Aliniambia nisogeze jiko mbali. Nikasogea kidogo, maana wateja hawasogei. Mara kengele ikalia.

Ishaka akafunga koki kuu, akazunguka mitungi akinusa. Akanusa tena. Madereva wakamzunguka.

"Vipi, Pua?" akauliza Habibu, dereva wa lori la nyuma. "Kuna kitu?"

Angesema hakuna, wote wangemwamini na kubaki palepale. Nilimwona anavyohangaika, moyo ukaniuma.

"Sijui," akasema. "Sisikii harufu yoyote. Ondokeni! Zimeni sigara!"

Akaja mbio, akamwaga ndoo nzima ya maji kwenye jiko langu. Majivu yakaruka hadi kwenye maharage. Nilimtukana, Mungu anisamehe.

"Baba Mwanakombo, una wazimu? Chakula cha watu hicho!"

"Utanigombeza tukifika kule," akasema, akinivuta.

Fundi wa kampuni alikuja kutoka Mbeya. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mtungi mmoja, akafungua koki kidogo, povu likaanza kufura: gesi ilikuwa inavuja kweli. Nikakaa chini palepale vumbini.

Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumsikia mwanamume huyu akisema "sijui", hata tukiwa tumepotea njia. Ameenda kulisema mbele ya watu wanaomwita Pua.

"Leo pua imegoma!" Habibu akacheka.

Ishaka akainama kuokota ndoo yangu. Nikajibu mimi.

"Cheka, Habibu. Cheka sana. Ni yeye aliyekuachia hilo domo la kuchekea."