Mguu Uliozoea Kinanda cha Parokia

Pale Nyasho, mtaani kwetu Musoma, walisema sitaweza kusomea muziki Ulaya. Jirani yetu fundi cherehani alitangaza mbele ya wateja: "Huyu wa kwaya atarudi na kikohozi tu. Muziki wa Ulaya unasomwaga na watu waliozaliwa piano iko sebuleni." Kwetu sebuleni walilala mbuzi, lakini kwa masikio sikuwa na mpinzani kuanzia Musoma hadi Bunda.

Ufadhili wa chuo cha huko ulilipa masomo, nauli haukulipa. Ilikuwa miaka ile ambayo sabuni ikifika dukani, mtaa mzima unajua. Nikaazima koti kwa katekista na sanduku kwa mkunga wa Iringo. Baba mdogo wa Butiama akauza mtamba wake, ng'ombe jike ambaye hajazaa, nipate nauli. "Ukirudi bila hiyo diploma," akaniambia, "mama yako mdogo nitamweleza nini?"

Mtihani wa kwanza chuoni nusura unirudishe. Nilikuwa nimejifunzia kinanda cha parokia, kile cha kukanyaga mfululizo ili kipate pumzi. Mbele ya piano miguu haikuniuliza. Ilikanyaga pedali, ile ya kurefusha sauti, kwa bidii, sauti zote zikavurugika kama uji. Mwalimu, mama mmoja mwembamba, akafunika piano.

"Kijana, unaendesha baiskeli?"

Akanipa hadi Pasaka nijirekebishe, la sivyo nifunge mizigo.

Nikaufunga mguu wa kulia kwenye kiti kwa tai. Wiki sita nilifanya mazoezi hivyo, wenzangu wakinicheka kwa lugha tatu. Pasaka nilipiga safi. Kwenye nadharia niliongoza darasa, maana kuandika sauti nne kwa kusikiliza tu kulikuwa mchezo kwangu. Diploma ninayo, imo kwenye fremu.

Niliporudi, maduka ya barabara ya Mukendo yalijaa bidhaa na kila kwaya ilitaka kurekodi kaseti. Nani angewapangia sauti kama si mimi? Kwaya za Bunda zilinilipa zikishauza pamba.

Jumamosi moja nikawalipa wote. Katekista alipata koti jipya, mkunga sanduku la magurudumu. Butiama nilipeleka mtamba mnene. Baba mdogo akamzunguka mara mbili.

"Mwanangu, yule wangu angekuwa amezaa mara ngapi tangu uondoke?"

Nilirudi mnadani, nikamletea na ng'ombe wa pili, ndama wake akimfuata nyuma.

"Hapo sawa," akasema, akaenda kufungua zizi.