Kofia ya Mjerumani Tuliyorudi Nayo

Koo nyingine hurithi ng'ombe. Nyingine hurithi shamba la kahawa linalotazama ziwa. Sisi tulirithi kofia ya chuma, na baba alipofariki, ndugu zangu walikubaliana kwa ukarimu wa kushangaza kwamba niichukue mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa kemia na nyumba yangu ya Kamembe ina kabati.

Historia yake niliijua tangu utotoni, tuliporudi Rwanda kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Babu wa baba yangu, shujaa asiye na mfano, alimvua Mjerumani kofia hiyo kichwani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kando ya Ziwa Kivu. Mtunzaji wa hadithi hiyo alikuwa shangazi yangu wa Nkanka, dada mkubwa wa baba, ambaye kila harusi na kila msiba aliongeza Wajerumani wawili watatu.

Kwa heshima ya shujaa, kofia ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, juu ya buluu ya milango, juu ya kijani ninachoshuku kilibaki kwenye ujenzi wa kanisa. Ndani mlikuwa na kutu na punje za maharage. Nikaamua kuirudisha katika hali yake ya asili. Jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, alijitolea kunisaidia.

"Mwalimu, niletee tu. Napitisha mashine dakika mbili, napiga rangi nyeusi. Itang'aa kama sufuria mupya."

Nilimshukuru, nikaificha kofia chini ya kitanda mpaka shauku yake ipoe.

Kazi ilimeza likizo nzima. Nilibandua rangi kidogo kidogo kwa kitambaa chenye petroli na kijiti cha mwanzi, kutu nikailainisha kwa maji ya ndimu, kisha nikapaka mafuta ya cherehani. Mke wangu aliuliza kama kuna kitu kingine nyumbani ambacho ningependa kukishughulikia kwa bidii hiyo, kwa mfano bomba la jikoni. Chini ya rangi zote tatu ilijitokeza ya kiwandani, kijivu chenye ukijani. Ubavuni kulikuwa na vijipembe viwili vyenye tundu. Ndani ya ukingo, herufi mbili na namba iliyogongwa kwenye chuma.

Nilituma picha kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaokusanya vifaa vya vita. Jibu lilikuja kwa Kifaransa kabla sijamaliza chai. Hongera, kofia ni ya kweli. Ni ya Wajerumani waliopigana kwenye mahandaki ya Ulaya. Wale waliokuwa huko kwenu walivaa kofia nyepesi za jua. Chuma hiki kilipoanza kutoka viwandani, wao walikuwa tayari wanafungasha. Nani aliileta?

Jumamosi nikapanda pikipiki hadi Nkanka, kofia ikiwa ndani ya mfuko wa unga. Shangazi alikuwa uani akichambua maharage. Aliitazama, akakunja uso.

"Umeiharibu. Ilikuwa inang'aa."

"Shangazi, hii haikuvaliwa vitani huku hata siku moja. Ilitoka wapi?"

Alipekua maharage kwa vidole, kana kwamba jibu lilikuwa mle kwenye ungo.

"Babu alikuwaka mupishi," alisema. "Kwa Mubeleji mumoja, kule Bukavu. Muzungu ndiye alikuja nayo, kutoka vita ya kwao. Ilikuwa ya kunywishia imbwa maji. Akarudi kwao na imbwa yake, sahani akaiacha."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Miaka yote hiyo tulikuwa tumelisujudia bakuli la mbwa. Tena halikuwahi kufika Rwanda hadi sisi wenyewe tulipolipitisha mpakani likiwa ndani ya beseni, siku tuliporudi.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Tuliporudi, kila muntu alituuliza, nyinyi ni ba wapi? Kinyarwanda chetu banakicheka, shamba hatuna. Baba yako akaweka ile kofia mezani, akasema babu yetu alipigania hii udongo. Bakanyamaza. Ulitaka aweke nini, mwiko?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba kali kuhusu ukweli. Nikaimeza. Nilimwona baba, mtu aliyeona haya hata kuuliza njia, akisimama mbele ya watu wasiomjua na uongo huo mikononi.

"Alikuwa anapika nini?" niliuliza.

Shangazi akaweka ungo chini.

"Sungura na vitunguu! Alikata kitunguu macho amefumba, sisi batoto tunamuzunguka, tunahesabu vidole yake."

"Hakujikata?"

"Mara moja. Kile kidogo kikaenda." Alicheka mpaka akashika ubavu. "Kesho yake jirani bote tulishawaambia ni Mujerumani ndiye alikikata."

Nilibaki kwake hadi mchana, akinionyesha jinsi vitunguu vilivyokatwa. Kofia sasa iko juu ya kabati, bila rangi. Wageni wakiuliza, nawaambia ilikuwa ya mpishi. Wananipa pole, kana kwamba shujaa ndiyo kwanza amekufa.