Nyumba Iliyopanda Kilima

Wakati wa vita ya pili, ile ya 1998, Bukavu ilijaa watu hadi kupata kiwanja kukawa kama ndoto. Waliokimbia vijijini walijenga Kadutu na Cimpunda, kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huikanyaga kwa hadhari. Mama mukubwa, dada ya mama yangu, alipofika na watoto wake, alizunguka mji mzima akitafuta mahali, akakosa. Papa, aliyefundisha chuo kikuu, akampa sehemu ya chini ya kiwanja chetu, tulipolima vitunguu, karibu kabisa na ziwa. Mama mukubwa akajenga hapo nyumba ndogo ya mbao.

Msimu wa mvua uliofuata, ziwa lilipanda. Halikuja kwa kishindo. Asubuhi moja tulilikuta kwenye vitunguu, baadaye likafika mlangoni kwake, limetulia, linameremeta, kana kwamba hapo ndipo kwao siku zote. Papa alisema maji yatashuka yenyewe. Hayakushuka. Akamshauri mama mukubwa abomoe nyumba, ahamie sebuleni kwetu. Alikataa bila kupandisha sauti.

"Shemeji, watu ya bunduki niliwakimbia mikono mitupu. Maji hii nitaikimbia na nyumba yangu."

Jumapili baada ya misa, wanaume wa kanisa lake na majirani walishuka ziwani. Waliondoa mabati, wakaingia majini hadi magotini, wakafunga magogo ya mikaratusi chini ya kuta. Muzee mmoja akaanzisha wimbo wa Kimashi, na wote wakainua pamoja.

Nilikuwa namaliza sekondari, nikijiona nimeshaona yote ambayo vita inaweza kumwonyesha mtu. Lakini nilipoiona nyumba ile ikipanda kilima polepole, pazia la bluu likipepea dirishani, miguu mingi ikikanyaga matope chini yake, niliifuata kama mtoto mdogo. Njiani iliyumba. Papa akavua koti lake la misa, akaenda kuweka bega.

Waliitua pale Papa alipokuwa akiegesha gari lake kabla askari hawajalichukua. Mama mukubwa aliingia peke yake, akagusa kuta zote, akatoka akilia na kucheka. Jioni tulikula bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa lile lile.

Vitunguu vilibaki chini ya maji. Vita ilipotulia, mama mukubwa hakurudi kijijini. Binti zake waliolewa wakitokea katika nyumba ile.