Shuka la Jeshi na Ng'ombe wa Shemeji

Tulikuwa watu sita shambani asubuhi ile. Majina yao ninayo yote, ya baba zao pia, hata ya ng'ombe, maana mimi jina likiniingia halitoki. Lakini mjukuu wangu ameniomba nisiyaandike kwa kuwa kazi yenyewe ni ya jeshi, kwa hiyo nitasema tu nani alikuwa nani. Kwanza mimi. Wa pili mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, mwenye karakana ya ushonaji hapa Bariadi mjini. Wa tatu ni mwenzake wa kazi, binti waliyesoma naye chuo cha ufundi, ambaye kwangu amekula ugali mpaka akawa mjukuu. Wa nne kapteni, mtu wa Tanga, na wa tano koplo wa kike aliyekuja naye kushika kamera. Wa sita alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Huyo hakualikwa. Alikuja nyuma ya ng'ombe wake.

Nimesoma darasa la nne tu, kwa hiyo naeleza kama nilivyoelezwa. Siku hizi askari akilala nyuma ya kichaka, jicho la adui halimwoni, lakini ipo kamera inayoona joto la mwili wake. Mjukuu alikuwa ameshona shuka la kulizuia joto hilo. Ndani ni pamba yetu hii hii, imetandazwa tabaka juu ya tabaka kama godoro jembamba, na juu ni kitambaa kilichopakwa udongo na rangi mpaka kinafanana na ardhi ya kwetu. Walilihangaikia miaka. Niliwaona wakiunguza, wakifumua, wakianza upya, wakicheka, wakinuniana. Mimi nilikuwa nikiwapelekea michembe, viazi vyetu vya kukausha, na chai, nikikaa kuwatazama, na sikuchoka kutazama.

Asubuhi ile ndiyo ilikuwa ya kuamua. Kapteni alikuwa amesema wazi: shuka likifaulu, atalipeleka kwa wakubwa wake wa utafiti. Lisipofaulu, hajui kama atapata tena ruhusa ya kuja. Na yule mwenzake mjukuu alikuwa ameshaitiwa kazi Mwanza. Alibaki kwa ajili ya siku ile tu. Akiondoka, karakana inafungwa, kwa sababu mmoja ni mkono wa kulia na mwingine wa kushoto.

Mjukuu akaenda kujificha chini ya shuka katika shamba langu la mahindi lililokwisha kuvunwa, sisi tumegeuza migongo. Kisha koplo akawasha kamera yake.

"Bibi, sogea uone," akaniambia. "Huo ni mkono wako."

Nikauona mkono wangu mweupe kama muhogo uliomenywa. Mbuzi weupe, kuku weupe, hata kichuguu kina weupe kidogo. Koplo akazungusha kamera shamba zima, akarudia, akarudia tena. Mtoto wangu haonekani!

"Afande, sijui yuko wapi," akasema koplo.

Kapteni akatabasamu. Mwenzake mjukuu akaniminya mkono mpaka ukauma.

Hapo ndipo ng'ombe wakaingia. Kwetu shamba likishavunwa, mabua ni ya ng'ombe wa watu wote. Hakuna wa kuombwa ruhusa, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kumzuia shemeji. Alikuja anapiga mluzi, fimbo begani.

"Mwangaluka, shemeji! Umeleta askari wanikamate? Si nilikwambia nitakuoa tu, ukakataa!"

"Pita huko, mzee hovyo, tuna kazi!"

Ng'ombe wakala mabua vizuri. Kisha dume mmoja akainua pua, akaacha mabua, akaenda moja kwa moja mahali penye ardhi tupu, akaanza kulamba. Wengine wakamfuata wakisukumana.

"Hao wanalamba nini?" akauliza kapteni.

"Pana magadi pale," akajibu shemeji. "Ng'ombe hawadanganyiki kwa magadi."

Mwenzake mjukuu akashika kichwa. Nami nikaelewa. Rangi walikuwa wameifunga kwa magadi, ili isichujuke mvua ikinyesha. Sisi Wasukuma magadi tunawapa ng'ombe toka tunazaliwa, lakini wale mabinti walipoyaona ndani ya sufuria ya rangi waliona rangi tu.

Dume akalivuta shuka kwa ulimi. Mguu ukatokea.

"Mayu! Ardhi ina mguu!" Shemeji akatupa fimbo, akakimbia.

Kapteni alicheka mpaka akashika magoti. Mjukuu akainuka, mate ya ng'ombe hadi kwenye nywele. Hakulia wala hakucheka.

"Afande, kamera ilinipata?"

"Haikukupata," akasema kapteni akifuta macho. "Na kamera ndiyo mtihani niliotumwa. Naandika mmefaulu."

"Usiandike."

Mwenzake akamrukia. "We! Umelambwa akili? Nyamaza, dada, tumepita!"

"Hatujapita. Askari atalala porini, na porini kuna wafugaji na kuna wanyama. Ng'ombe wakimzunguka, adui ana haja gani ya kamera?"

"Ukikataa leo, siahidi kurudi," kapteni akamwambia, sasa hacheki.

"Nimeelewa, afande."

Nimeishi na watu wengi wenye moyo, lakini sikupata kuona mtu akirudisha kitu alichokitafuta hivyo, tena kimeshawekwa mkononi mwake. Nilimtazama alivyokuwa mchafu, nikaona babu yake angejivuna sana.

Mwenzake aliondoka na basi la Mwanza bila kuaga. Mjukuu akabaki peke yake. Akafumua kitambaa chenye magadi, akachemsha magome ya mgunga, akapaka kitambaa kipya, kisha akalizika shuka katika tope jeusi la lambo, akaliosha, akalizika tena. Rangi ikashika bila magadi. Kila jioni alilitandika njiani ng'ombe wa shemeji wakirudi. Hao ndio wakawa wasahihishaji wake. Mwanzoni walinusa. Akarudi kwenye tope. Siku walipolipita kama njia tu, alimpigia simu mwenzake. Sijui walisemezana nini, lakini yule binti alirudi na begi lake, akaingia jikoni kwangu, akasema, "Bibi, kuna ugali?" Nikampa.

Kapteni naye akapata ruhusa, akarudi mvua zilipokwisha. Alileta kamera ileile, ila kabla koplo hajaiwasha akamgeukia shemeji: "Mzee, leo umealikwa. Lete ng'ombe."

Mjukuu alikuwa ameshalala chini ya shuka, na kamera haikuona kitu. Ng'ombe wakapita, mmoja akasimama juu kabisa ya shuka, akakojoa, tena kwa muda mrefu, akaendelea na safari yake. Ardhi haikutikisika.

"Yupo kweli chini pale?" kapteni akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Yupo, baba. Huyo hatoki mpaka umwambie."

Akavua kofia. Akaenda mwenyewe kumfunua, akampa mkono, akamwambia wabeja, yaani asante, Kisukuma chake kikiwa kibovu kabisa. Shuka likiwa limelowa vile vile akalikunja akaondoka nalo kwa wakubwa wake, na mabinti wote wawili wako karakanani wanashona jingine.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Shemeji anabisha: anasema aliyetangulia kulamba hakuwa dume bali mtamba wake, na kwamba yeye hakukimbia, alikwenda kuita watu. Koplo labda atasema kamera ilizungushwa zaidi ya nilivyoandika. Basi wewe uliyekuwepo, au uliyesimuliwa na aliyekuwepo, ukiona nimepindisha mahali, njoo uninyooshee. Sitakasirika.