Bi Seifert Aliyekataa Kutazama

Mimi mtu akinichokoza namjibu hapohapo, kiwanda kizima kinajua. Kwa hiyo nikikwambia kuna mwanamke mmoja hapa Zwickau, Ujerumani, ambaye mbele yake nanyamaza, ujue sijikombi kwa mtu.

Ni Bi Seifert. Alipiga pasi mashuka ya hospitali pamoja nasi miaka ishirini na miwili, na kwa miaka kumi na minne kati ya hiyo alikuwa mwenyekiti wa baraza letu la wafanyakazi. Mfupi, mkavu wa maneno, kahawa hainywi mpaka ipoe.

Miaka sita iliyopita mashuka yalianza kupotea stoo. Mkurugenzi wetu, Bwana Hempel, hakumuuliza mtu, hata baraza ambalo sheria inamtaka aliulize. Akaficha kamera ndani ya kitambua moshi, kimyakimya. Na nani akanaswa? Mimi, Heidrun Voigt! Kila siku wakati wa mapumziko najifungia stoo, natoa kitu kwenye aproni, nakiinamia, halafu nakirudisha.

Kilikuwa kitabu cha kujifunzia kusoma. Nilikuwa na miaka arobaini na saba na sijui kusoma. Haya, nimesema. Hata mume wangu hakujua. Kila fomu nilimpa yeye, nikisingizia macho.

Hempel akaniita ofisini, akanisukumia karatasi. "Weka saini hapa tu, Bi Voigt. Tuachane kwa amani, polisi wasijue."

Nikaikodolea macho. Mistari tu. Nikasema nimesahau miwani, na kalamu nikaishika, kwa sababu afadhali niitwe mwizi kuliko watu wajue sijui kusoma. Aibu ilikuwa imenifikisha huko.

Bi Seifert akaingia bila hodi. Mwenzangu wa mashineni alikuwa amekimbia kumwita. Akaichukua ile karatasi, akaisoma yote kwa sauti, polepole, neno kwa neno. "Nisipojisikia mwenyewe sielewi," akasema. Ndipo nikajua imeandikwa kwamba naacha kazi kwa hiari yangu. Hiari! Nikaitupa kalamu.

"Tazama picha kwanza," Hempel akamgeuzia kompyuta. "Ukishaona utaniunga mkono."

Bi Seifert akaifunga kwa kiganja. "Kamera hii baraza liliikubali lini?"

"Lakini anaiba!"

"Kabla hujaiweka ulimshuku nani, na uliandika wapi? Sheria haikuruhusu kutuchungulia sote kwa siri ili umpate mmoja. Na mimi sitachungulia pamoja nawe."

"Na kama kweli ni mwizi?"

"Mtafute kwa njia ya halali. Hiyo ifute, mimi nimesimama hapa. La sivyo tukutane mahakama ya kazi."

Hempel alibisha wee, akapiga simu kwa wakili wake, akarudi amenywea. Akaifuta.

Nikamfuata Bi Seifert koridoni, na badala ya kushukuru nikamfokea. "Kumbe na wewe ulidhani mimi mwizi!"

"Sikudhani kitu. Sikutazama."

"Hutaki hata kujua nilikuwa nafanya nini mle?"

"Mapumziko ni yako, dada. Nenda kale."

Nilikwenda chooni nikalia mpaka shingo ya blauzi ikalowa. Mashuka yale hayajaonekana hadi leo, na wako walionong'ona juu yangu. Lakini kazi yangu ilibaki, na siri yangu ilibaki yangu, na stoo nikaendelea kwenda. Ahsante yake nilidaiwa miaka sita.

Ijumaa iliyopita alistaafu. Tukaoka keki za plamu, tukamwandikia kadi ndefu, kila mtu mistari yake. Nikasimama mbele ya watu sitini na karatasi niliyoiandika mwenyewe, nikasoma yote: kitabu, stoo, miwani ambayo sikuwahi kuwa nayo. Nilikwama mara mbili. Hempel aliangalia viatu vyake. Mume wangu, ambaye nilimwambia mwaka jana, alipiga makofi peke yake kabla ya wote.

Kisha Bi Seifert akafungua kadi yetu. Akaisoma toka juu hadi chini, upesi, midomo imefungwa, bila sauti hata chembe. Yule aliyesema asipojisikia mwenyewe haelewi!

Nikamvuta pembeni. "Bi Seifert. Ile karatasi ya Hempel... kumbe ulijua?"

Akapuliza kahawa iliyokwisha poa zamani.

"Mimi sikukuuliza kitu, Heidrun. Na wewe usiniulize."