Vigingi vya Fundi Tofali

Jumatatu, tarehe 9 Machi 2015, kabla ya adhuhuri, vigingi vitatu vilisimama kwa mstari katika shamba ambalo fundi wa matofali na dada yake waliachiwa na baba yao. Hilo limethibitishwa: wote waliokuwapo wanaafikiana, na kigingi cha kati kipo mahali pake hadi leo. Aliyevisimika ni fundi mwenyewe.

Mtaa mzima humwita Tofali, mkewe akiwamo. Alianza kufyatua mwaka baba yao alipofariki, kwa kalibu ya mbao aliyoiazima kwa seremala na ambayo seremala ameacha kuidai. Shamba liko mteremkoni. Juu kuna udongo mweusi unaoshika maji. Chini ni udongo wa mfinyanzi. Huko chini ndiko dada yake alikokuwa akipanda mboga kabla ya kuolewa mbali, na nyumbani waliendelea kupaita "kwa binti" hata alipokwisha kuondoka. Tofali alichimba huko huko. Hakuwa na chuki naye. Alidhani tu kwamba harudi.

"Shimo huanza kama bakuli," alieleza. "Unachota, unachota, siku moja unajikuta unatafuta ngazi."

Kwa miaka ishirini hivi udongo ule ulitoka shimoni, ukapita tanurini, ukawa kuta: zahanati, madarasa mawili, nyumba za nusu ya mtaa. Yeye alijijengea vyumba vitatu ukingoni, karibu na tanuri. Kila masika ukingo ulimeguka kidogo, na mkewe alikuwa na msemo kwamba nyumba yao huteremka kazini kabla ya mwenyewe kuamka.

Dada alirudi akiwa mjane, cherehani yake ikiwa juu ya mkokoteni. Kwa marehemu mumewe mashemeji walikuwa wamemweleza kwamba ardhi ni ya ukoo, na yeye si wa ukoo. Alimkuta kaka yake akikanyaga udongo.

"Nimekuja kuchukua fungu langu, kaka."

"Fungu lako? Ukuta wa nyuma wa zahanati, wote ule ni wako. Muulize yeyote."

"Basi nitamwomba mganga anipishe nipande kunde dirishani."

"Mwombe. Ila usimwagilie sana. Mfinyanzi ule naujua mimi."

Walicheka wote wawili, kama anavyokumbuka mke wa Tofali. Kisha dada akarudia maneno yake ya kwanza, safari hii bila kicheko, na Tofali akatoka kwenye udongo akaenda kunawa miguu.

Wakati huo sera mpya ya taifa ya ardhi ilikuwa imefika mitaani, na kamati ya kuisimamia ilikuwa imechaguliwa. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu, ambaye wachache walithubutu kubishana naye kwa kuwa wengi wa mtaa ule aliwapokea wakiwa uchi. Shauri la ndugu hawa lilikuwa la kwanza mbele yake. Aliwasomea mambo mawili: kwamba mtoto wa kike hurithi sawa na wa kiume, na kwamba anayechimba ardhi huwajibika kuirudisha katika hali ya kufaa tena.

"Na shimo likiangukia fungu la mwingine, bibi, mzigo ni wa nani?" aliuliza jirani mmoja.

"Wa aliyelichimba. Kama mimba tu."

Kamati ilijiwekea kanuni ya kugawa: ndugu mmoja akate, mwingine achague. Tofali ndiye aliyetakiwa kukata. Watu walitarajia apige mstari kutoka juu hadi chini, ili kila fungu lipate udongo mweusi kiasi na shimo kiasi. Yeye alikata kwa mlalo. Juu ya vigingi ulibaki udongo mweusi wote. Chini yake lilibaki shimo lote, pamoja na tanuri na nyumba anayolala.

Dada alisimama kwenye mstari kwa muda mrefu, akitazama huku na huku.

"Juu," alisema.

"Haya," alijibu Tofali, akaokota panga lake.

Baada ya hapo mtaa uligawanyika kuliko shamba. Wako wanaosema alimtegea: alidhani atachagua yeye mwenyewe, amwachie dada shimo, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Wakielezwa kwamba nyumba yake ilikuwa chini, hujibu kwamba nyumba ya fundi wa matofali hujengwa tena kwa mwezi, lakini udongo mweusi haujengwi. Wengine wanasema alimlipa dada yake alichomchimbia, kwa njia pekee isiyomlazimu kuomba radhi.

Mkunga anakiri kwamba aliitangaza kanuni ya kuchagua vigingi vikiwa vimekwisha kusimama. Dada anashikilia kwamba yeye alielezwa kanuni hiyo mapema, na kwamba alimweleza kaka yake usiku wa kuamkia siku ile, mlangoni. Mke wa Tofali alikuwa ndani, na hakusikia chochote. Tofali mwenyewe, kila alipoulizwa, alitoa jibu moja.

"Shamba si amelipata? Sababu mnaitakia nini?"

Leo dada analima juu, na cherehani anaiendesha barazani. Tofali hachimbi tena hapo; hununua udongo wa watu. Amefukia karibu nusu ya shimo kwa vifusi na majivu ya tanuri, na ukingoni amepanda mianzi, ambayo dada humsaidia kuimwagilia maji huku akimwambia kwamba ameipanda vibaya.

Kisichojulikana ni kama Tofali, aliposimika kigingi cha kwanza, alijua kwamba atakayechagua ni dada yake. Ushahidi uliopo hautoshi kuamua, na anayeweza kuamua hataki.